Nimekuta siri ya baba ndani ya kasha la bati: nimwambie nani, na nianzie wapi?

Binti Mkubwa anauliza:

Ndugu wasomaji, nawasalimu kwa heshima. Jambo ninaloliandika hapa nimelibeba peke yangu kwa wiki 6, na nimeona kwamba nikiendelea kulibeba hivi litakula hata yale mema ninayoyakumbuka kuhusu marehemu baba yangu.

Baba alifariki miezi 5 iliyopita kwa saratani ya utumbo mpana, ambayo iligunduliwa ikiwa imeshaenea, na tangu siku tuliyoambiwa jina la ugonjwa hadi siku tuliyomzika hazikupita wiki 10. Mama yupo, ana miaka 68, na nguvu zake anazo, ingawa tangu msiba amekuwa mkimya kuliko tulivyomzoea. Tumezaliwa wanne, nami ndiye mkubwa, nina miaka 41. Daktari aliyemtibu baba alituita sote wanne akatutaka tufanyiwe uchunguzi, nasi tukafanya. Kwa kuwa baba hakuacha wosia, wadogo zangu walinichagua niwe msimamizi wa mirathi, na ni katika kutafuta hati za nyumba ndipo nilipofungua kasha la bati lililokaa chini ya kitanda chake tangu tukiwa watoto, kasha ambalo sote tulijua kuwa lina karatasi za kazini.

Karatasi za kazini zilikuwepo kweli, juu. Chini yake palikuwa na bahasha kubwa, na ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na barua 23 za mwanamke nisiyemfahamu, stakabadhi za ada ya shule za miaka 12, na picha 4 za mtoto wa kiume katika umri tofauti. Barua zimepangwa kwa tarehe, kila mwaka na fungu lake, kila fungu limefungwa kwa uzi mweupe, na juu yake kimechomekwa kipande cha karatasi kilichoandikwa mwaka. Katika picha ya mwisho yule mtoto ameshakuwa kijana, na nilipoitazama nilidhani kwa muda kwamba ni mdogo wangu wa mwisho, mpaka nilipoigeuza nikaona tarehe. Kwa hesabu ya barua hizo, alizaliwa miaka 3 kabla yangu na miaka 2 kabla ya ndoa ya wazazi wangu, kwa hiyo sasa ana takriban miaka 44. Maisha yangu yote nimejiita mtoto wa kwanza. Kifungua mimba wa mama nitabaki kuwa; wa kwanza kwa baba sikuwa hata siku moja.

Sitaki mdhani kwamba ninamhukumu baba kwa kupata mtoto kabla ya ndoa. Kinachoniumiza ni kwamba mtu huyu ndiye aliyenikalisha jioni nzima nikiwa na miaka 9, kwa sababu nilisema nimemaliza kazi ya shule ilhali sikuwa nimeigusa, akanieleza kwa upole kwamba uongo mdogo haukai peke yake, huomba mwenzake. Tulimjua kuwa mtu asiyeweza kuficha kitu. Hata miwani yake aliipoteza ndani ya chumba kimoja, na kila asubuhi mmoja wetu alikuwa akimtafutia. Ninashindwa kuwaunganisha watu hawa wawili wakawa mmoja.

Nimwulize mama, ambaye sijui kama anajua lolote, au nimwache apumzike? Niwaambie wadogo zangu kabla ya kugawana mirathi, au baada? Na huyo mtu mwenyewe nifanye naye nini? Juu ya meza yangu ipo fomu ya mahakama inayonitaka niorodheshe watoto wote wa marehemu na kuapa kwamba orodha hiyo imekamilika, na siku zilizobaki ni 19. Nakiri pia kwamba usiku mmoja nilitoka nje na ile bahasha na kiberiti, nikasimama gizani, kisha nikarudi ndani.

Mtunza Nyaraka anajibu:

Dada, pole kwa msiba, na asante kwa kurudi ndani na bahasha ikiwa nzima. Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka kwa miaka 26, na sijawahi kukutana na familia iliyojuta kuhifadhi karatasi kwa mwaka mmoja zaidi, lakini waliojuta kuzichoma ni wengi, na wao hawana la kufanya.

Kabla hujaamua umwambie nani, linda ulichokikuta. Piga picha kila ukurasa pande zote mbili, pamoja na bahasha na mihuri ya posta, kwa sababu mara nyingi mahali na tarehe ya kweli hupatikana kwenye muhuri na si ndani ya barua. Usizitie gundi wala utepe wa kunatisha, kwa kuwa gundi hiyo hugeuka rangi baada ya miaka na kuharibu wino. Usizifunike kwa plastiki ya moto, maana hilo likishafanyika halirudishiki. Ukitaka kuandika maelezo, yaandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni. Lililo kubwa kuliko yote, usibadilishe mpangilio. Katika kazi yetu mpangilio wa asili ni ushahidi unaojitegemea, kwa sababu maneno ya barua humwelezea aliyeiandika, ilhali namna barua zilivyowekwa humwelezea aliyezitunza.

Kumbuka vilevile kwamba unachokisoma ni nusu ya mazungumzo. Sauti uliyonayo ni ya mwanamke yule. Alichokiandika baba yako kwenda kwake, kama bado kipo, kipo katika nyumba nyingine, na huenda humo ndimo alimoeleza yale unayotamani ayaeleze. Usimpe hukumu mtu ambaye maneno yake hujayasoma. Na kwa kuwa watu husahau jambo hili, nalisema: karatasi ni mali ya familia yenu, lakini maneno ni ya aliyeyaandika. Mkataba wa Berne kuhusu hakimiliki unalinda maandishi ya mtu kwa uchache wa miaka 50 baada ya kifo chake, na barua binafsi zimo. Usizisambaze, wala usiweke picha zake mtandaoni, hata kwa nia ya kumtafuta huyo ndugu.

Lipo jambo ambalo nimelisoma mara mbili katika maelezo yako. Unasema baba yako alikuwa akipoteza miwani ndani ya chumba kimoja. Hapo hapo unasema kwamba barua zimepangwa mwaka kwa mwaka, zimefungwa uzi, na kila fungu lina alama yake. Kwa uzoefu wangu, tabia hizo mbili ni nadra kukaa kwa mtu mmoja. Rudi ukautazame mwandiko ulioandika miaka kwenye vile vipande vya karatasi, kisha utazame jina la mlipaji kwenye stakabadhi, moja baada ya nyingine. Sikuambii utamkuta nani, kwa sababu sijui.

Mpita Njia anajibu:

Nitasema tofauti, na naomba nisikilizwe kwa nia njema. Marehemu hawezi kujitetea. Mtoto mwenyewe ni mtu mzima wa miaka 44, alijua alipo baba yake au angeweza kujua, na hakuja. Mama yako amebakiwa na miaka ambayo anastahili kuimaliza akiwa na picha ya ndoa yake kama anavyoijua. Si kila kweli inayofaa kusemwa ni lazima isemwe na wewe, tena sasa. Mimi ningeirudisha bahasha chini ya zile karatasi za kazini.

Aliyesubiri Mlangoni anajibu:

Ndugu Mpita Njia, nimekusikiliza, na kwa sababu umesema kwa nia njema nitakujibu kwa nia hiyo hiyo. Mimi ndiye yule mtoto. Si wa familia ya dada huyu, bali wa familia nyingine yenye kasha lake.

Baba yangu mzazi alifariki nami nikajua baada ya miezi 8, nikiwa kazini, kutoka kwa mtu ambaye alidhani kwamba ninajua na ambaye alinipa pole kwa kuchelewa. Nilimshukuru, nikamaliza kazi ya siku ile, na niliporudi nyumbani nikagundua kwamba sina mtu wa kumpigia simu. Mama yangu alikuwa ameshatangulia. Mke wangu alinishika mkono lakini hakuwahi kumwona mtu ninayemlilia. Sikuwa na tanga la kukaa wala kaburi nililolijua. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani aitwaye Kenneth Doka alihariri kitabu kuhusu huzuni ya namna hii, ile ambayo jamii haimpi mtu nafasi ya kuionyesha kwa sababu uhusiano wake na marehemu hautambuliwi. Nilipolisoma wazo hilo miaka mingi baadaye niliona kwamba kuna mtu amenieleza bila kunijua.

Unasema angeweza kuja. Mtoto aliyekulia pembeni hufundishwa mapema sana kutokuja. Hakuna anayemwambia kwa maneno; hufundishwa na namna baba anavyotazama barabara kabla ya kuingia, na namna mama anavyozima taa ya nje. Kufikia umri wa mtu mzima, kutokwenda kunakuwa ndiyo adabu anayoijua. Kwa hiyo dada, usiusome ukimya wake kama dalili kwamba hataki. Huenda kweli hataki, na hiyo ni haki yake, lakini ukimya peke yake hauthibitishi hilo.

Sasa naomba usome kwa makini, kwa sababu hapa hatuzungumzii tena hisia. Umesema daktari aliwaita ninyi wanne na kuwataka mchunguzwe. Baba yako aliacha watoto watano. Mtu ambaye mzazi wake amepata saratani ya utumbo mpana ana hatari ya kuipata inayokadiriwa kuwa takriban mara mbili ya ile ya watu wengine, na miongozo mingi ya kitabibu inashauri aanze kuchunguzwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi wake aligunduliwa, kutegemea lipi linatangulia. Uchunguzi huo una maana kwa sababu saratani hiyo mara nyingi huanza kama kivimbe kidogo kisicho na maumivu, ambacho daktari anaweza kukiondoa kabla hakijageuka. Kaka yako ana miaka 44. Akienda hospitali leo na kuulizwa kama kuna mtu katika ukoo wake aliyeugua ugonjwa huo, atajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hamjui yeyote. Mengine yote yanaweza kusubiri busara zako; hili sioni kama lina ruhusa ya kusubiri.

Utakapomwandikia, andika kwa ufupi. Usianze na mirathi, usianze na kipimo cha vinasaba, na tafadhali usianze kwa kumwita mtoto wa nje. Mwambie wewe ni nani, baba alifariki lini, kwa ugonjwa gani, amezikwa wapi, na kwamba hana wajibu wa kukujibu. Mimi nilipopata barua yangu kutoka kwa dada yangu wa baba mmoja, ukurasa mmoja tu, niliisoma nimesimama. Kitu nilichokitamani kuliko vyote hakikuwa mali. Nilitaka kumwona baba yangu akiwa katika siku ya kawaida, kwa sababu mimi nilimwona akiwa na haraka tu. Tia picha moja ndani ya bahasha.

Mjane anajibu:

Mwanangu Binti Mkubwa, mimi ni mjane mwenye umri kama wa mama yako, na nitasema kwa upande wake kwa kuwa naona hapa kila mtu amesema naye hayupo.

Watoto wana kosa moja la mapenzi: huwaza kwamba mama yao hajui. Ukiishi na mtu zaidi ya miaka 40, unajua anavyopumua akiwa na la kusema na asiseme. Siri ya mtungi aijuaye kata. Marehemu mume wangu alikuwa na deni kubwa alilonificha kwa miaka 7, nami nililijua tangu mwaka wa pili, nikanyamaza kwa sababu niliona kwamba kulificha ndiko kulikokuwa kukimwezesha kuinuka asubuhi. Sijui kama nilifanya vyema. Nililia kwa ajili ya deni lile baada ya kumzika, si kabla.

Kwa hiyo ushauri wa ndugu Mtunza Nyaraka kuhusu mwandiko ni mzuri, ila ninakuomba usimpelekee mama yako ushahidi. Ukiweka bahasha mezani na kumwonyesha, hasa mbele ya wadogo zako, utakuwa umemweka kizimbani ndani ya nyumba yake. Mwendee peke yako, saa ambayo mikono yake ina kazi, maana ni rahisi kusema jambo zito ukiwa unatazama kitu kingine. Mwulize swali linalompa nafasi ya kukataa. Mwambie umekuta karatasi za baba ambazo huzielewi, na kwamba ungependa kumsikiliza kama anapenda kusema. Kisha nyamaza, na usiuogope ule ukimya, hata ukiwa mrefu. Akisema hataki, inuka umsaidie kazi, na umwache alale na jambo hilo siku mbili tatu. Watu wa umri wetu hujibu maswali kesho yake.

Kuhusu hasira yako juu ya baba, sitakwambia uiache. Nitakwambia tu kwamba mtu aliyekukalisha jioni nzima kukueleza ubaya wa uongo huenda alikuwa akizungumza kutokana na kitu alichokijua kwa undani sana.

Wakili Mstaafu anajibu:

Nitajibu kuhusu fomu peke yake, kwa sababu hapo ndipo penye tarehe.

Sheria za mirathi zinatofautiana sana baina ya nchi na nchi, na katika baadhi ya nchi hutofautiana hata baina ya imani na imani ndani ya mipaka ile ile, kwa hiyo tafuta wakili wa mahali ulipo kabla ya siku 19 kwisha. Hata hivyo lipo jambo ambalo mara chache hubadilika: kiapo ni kiapo. Fomu inapokutaka uorodheshe watoto wote wa marehemu, nawe unazo barua na stakabadhi zinazoonyesha kwamba yupo mwingine, ukimwacha kwa makusudi unaapa uongo, na siku jambo hilo likibainika usimamizi wako unaweza kubatilishwa, mgawanyo ukarudiwa upya, na wewe binafsi ukadaiwa kilichopotea. Ningesema hivyo hivyo hata kama huyo ndugu hana haki ya fungu lolote kwa sheria ya kwenu. Kumtaja si sawa na kumgawia. Unaeleza unachokijua, na mahakama ndiyo inayoamua kinachofuata. Omba muda wa nyongeza kwa maandishi, ukieleza kwamba zimepatikana nyaraka zinazohusu uwezekano wa kuwepo mrithi mwingine. Maombi ya namna hiyo ni ya kawaida kuliko unavyodhani.

Hili linajibu pia swali lako kuhusu wadogo zako. Waambie kabla ya kugawana. Mtu aliyeambiwa kabla hupata nafasi ya kuwa mwema, ilhali aliyeambiwa baada, akiwa ameshapokea na pengine ameshatumia, hujikuta akitetea kilichomo mkononi mwake.

Ikiwa baadaye uthibitisho utahitajika na pande zote zikaridhia, kifo cha baba hakizuii kipimo. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana takriban nusu ya vinasaba vyao, na ndugu wa mzazi mmoja takriban robo. Tatizo ni kwamba robo hiyo hupatikana pia baina ya mtu na ami yake, au mtu na babu yake, kwa hiyo takwimu pekee haitoshi bila kujua umri na historia ya wahusika. Kwa kuwa unaye mdogo wa kiume, maabara inaweza pia kulinganisha kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume karibu bila mabadiliko. Nayo haitofautishi baba na ndugu zake wa kiume wa upande wa baba, lakini ikitofautiana kabisa huwa jibu la kutosha. Nakubaliana na aliyetangulia kwamba hili lisiwe salamu ya kwanza. Ukimwomba mtu mate kabla hujamwomba radhi, umeshamwambia unavyomwona.

Mnasihi anajibu:

Naongeza machache. Umeandika kwamba unashindwa kuwaunganisha baba wawili, na nadhani unajilazimisha kuwaunganisha kwa haraka. Wengi wameambiwa kwamba huzuni ina hatua 5 zinazofuatana, wakaogopa wanapoona yao haifuati, ilhali Elisabeth Kübler-Ross alipoeleza hatua hizo mwaka 1969 alikuwa akizungumzia zaidi wagonjwa wanaokaribia kufa, si wafiwa. Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999, walieleza kitu kinachofanana zaidi na ninachokiona kwa watu ninaowasikiliza: mfiwa huenda na kurudi, leo analia, kesho anashughulikia fomu, keshokutwa analia tena, na kwenda na kurudi huko ndiko kupona kwenyewe. Kwako kuna safari ya ziada, kwa sababu unamlilia baba uliyemzika na pia baba uliyedhani unamjua.

Kuhusu uzito wa kulibeba peke yako, mwaka 2017 Michael Slepian na wenzake walichapisha utafiti uliogundua kwamba watu huumizwa na siri si hasa pale wanapoulizwa na kulazimika kuificha, bali kwa kuwa akili huirudia mara nyingi wakiwa peke yao. Wiki zako 6 zimekuwa hivyo. Umeshaanza kuupunguza uzito huo kwa kuandika hapa, lakini tafuta pia mtu mmoja wa kuketi naye ana kwa ana.

Binti Mkubwa anarudi:

Ndugu zangu, nimechukua siku 16 kabla ya kurudi, nanyi mtaniwia radhi. Nimesoma kila neno, na la ndugu Mpita Njia pia, kwa sababu ndilo lililokuwa moyoni mwangu usiku ule wa kiberiti.

Nilifanya kama alivyonielekeza Mtunza Nyaraka. Mwandiko kwenye vile vipande vya karatasi niliujua kabla sijakisoma cha pili, na nadhani nilikuwa nimeujua tangu siku ya kwanza nikakataa kuujua. Herufi zinalala upande wa kushoto, kama zile zilizokuwa zikiandika majina yetu kwenye madaftari ya shule. Uzi mweupe ni ule wa kushonea vifungo. Katika stakabadhi za miaka 12, za miaka 2 zina jina la mama kama mlipaji, na miaka hiyo miwili ndiyo ambayo baba hakuwa na kazi.

Nilimwendea jioni, akiwa anakunja nguo. Nilimwambia maneno ya mama yetu Mjane karibu kama alivyoyaandika, kwamba nimekuta karatasi za baba ambazo sizielewi. Hakuinua kichwa. Alikunja shuka akalimaliza, kisha akaniuliza, "Umefika barua ya ngapi?"

Nikamwambia nimezisoma zote 23.

Akasema, "Ziko 24."

Barua ya 24 alikuwa nayo yeye, katikati ya nguo zake, na haikuandikwa na yule mwanamke. Iliandikwa na kijana wa miaka 18, kwa mwandiko wa kujikaza, akimwambia baba kwamba anamshukuru kwa ada, na kwamba tangu siku hiyo asije tena usiku. Akitaka kuja, aje mchana pamoja na ndugu zake, au asije. Mama alisema baba aliisoma barua ile akaiweka mezani wazi, akaenda kukaa nje mpaka asubuhi, na kwamba yeye mwenyewe alimwambia mara tatu katika miaka iliyofuata kuwa yuko tayari, twende sote, na kila mara baba alijibu kwamba watoto wakikua kidogo. Tulikua. Mama alinieleza haya bila machozi, akiendelea kukunja, na alipomaliza akasema kwamba ile kauli ya watoto wakikua kidogo ndiyo ambayo hajamsamehe, siyo mtoto.

Niliomba muda wa nyongeza mahakamani na nimepewa siku 60. Wadogo zangu niliwaambia Jumamosi, mama akiwepo kwa hiari yake, na sitaeleza yote yaliyosemwa isipokuwa kwamba mmoja wao amekasirika sana na bado hajazungumza nami, na ninamwacha akasirike kwa kuwa mimi nilipewa wiki 6 za kukasirika bila kutazamwa.

Barua tumeiandika mimi na mama, ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza inasema mimi ni nani, ya pili inasema baba amefariki, na ya tatu inataja ugonjwa na kile daktari alichotuambia, pamoja na umri wa baba alipogunduliwa, ili amwonyeshe daktari wake. Mama aliongeza mstari mmoja chini kwa mkono wake, nami sikuusoma kwa sababu hakunipa niusome. Ndugu Aliyesubiri Mlangoni, picha tumeitia. Tulichagua ile ambayo baba amekaa kizingitini mchana, viatu amevua, miwani iko juu ya kichwa chake na kwa uso wake unaona kabisa kwamba anaitafuta.

Imepelekwa posta Jumatatu. Jibu bado.